Ukili wa Kumi na Tisa

1

Bi Somoe Kindamba aliletwa Ghala la Urithi Jumanne asubuhi, amevaa kanga mpya ambazo hakuzichagua mwenyewe. Askari walimpa njiani, kwa sababu kila mgeni wa Ghala alipigwa picha mlangoni na picha ilitakiwa ipendeze. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, vidole vimekomaa na kupinda kama tangawizi. Kabla ya kukaa kwenye kile kiti cheupe alikipapasa kwanza, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Shikamoo, bibi," Asumini alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkamuaji?"

Ndani ya Ghala neno hilo halikutamkwa. Kazi iliitwa Uhifadhi, na Asumini Mpangile aliifanya kwa mwaka wa sita sasa. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, hana mume wala mtoto, anaishi peke yake katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya Ghala. Lakini alijua kuwa nje ya ukuta watu wote walisema "kukamuliwa", na wakisema walipunguza sauti.

"Ndiyo, bibi. Mimi ndiye mtaalamu. Naitwa Asumini."

"Jina zuri. Na Tatu wangu mmempeleka wapi?"

Tatu alikuwa mtoto wa ndugu yake, ndiye aliyekuwa akiishi naye.

"Yuko chumba cha wageni. Anakunywa chai."

Bi Somoe akatikisa kichwa polepole. Wote wawili walijua chai ile ni ya namna gani. Tatu angeruhusiwa kuimaliza siku shangazi yake atakapomaliza kazi.

Hapo mwanzo serikali ya Mlezi wa Taifa ilichukua vitu. Malori yalipita vijijini yakabeba ngoma, vinyago, viti vya machifu, milango iliyochongwa, picha zilizochorwa kwenye kuta zikabanduliwa pamoja na udongo wake. Vingine vilipelekwa Ikulu, vingine vikawa zawadi kwa wakubwa wa nchi za nje, na vile visivyompendeza Mlezi vilichomwa. Lakini malori yaliporudi mwaka uliofuata, yalikuta watu wamechonga vingine na kuchora vingine, na baadhi vilikuwa vikali kuliko vya mwanzo. Ndipo wakubwa walipoelewa kwamba ukitaka kumnyang'anya mtu sanaa yake, kuchukua kinyago hakutoshi.

Bi Somoe alikuwa msusi wa mikeka. Mkeka wake mmoja ulikuwa na kili arobaini na moja, yaani vipande virefu vya kusuka vinavyoshonwa pamoja ubavu kwa ubavu, na kila ukili ulikuwa mtu. Walikuwa watu wa Kibuyuni waliokataa kuhama bondeni lilipojengwa bwawa la Mlezi. Asubuhi moja milango ya bwawa ilifunguliwa bila onyo. Redio ilitangaza kwamba bonde lilikuwa tupu na hakuna aliyekufa. Maiti hazikupatikana, kwa hiyo hakukuwa na maziko, na msiba bila maziko hauna pa kukaa. Bi Somoe akasuka mkeka ili watu wapate pa kukaa. Askari wakauchukua. Akasuka wa pili, wakauchukua. Aliposuka wa tatu wakaja na gari la Ghala.

"Nikuulize kitu, Asumini," yule mama alisema huku kofia ya nyaya ikishushwa juu ya nywele zake. "Chukueni mikeka. Mimi nimeshazeeka, vidole vinauma. Lakini mtoto wangu Chande yumo mle. Je, mashine yako itaniachia mtoto wangu?"

Asumini alikuwa na jibu la kitabu na alikuwa amelitoa mara nyingi.

"Tunachukua ufundi tu, bibi. Mambo ya nyumbani kwako hatuyagusi."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

2

Kumbukumbu haikai kichwani kama nguo sandukuni, kwamba unaitoa na kuirudisha ileile. Kila inapoitwa hulainika kama nta iliyosogezwa motoni, na baada ya dakika kadhaa hukauka upya. Mtambo wa Ghala ulifanya kazi katika dakika hizo. Mtu alipewa kazi yake aifanye, kumbukumbu ikalainika, mtambo ukanasa umbo lake kwenye kigae cha kioo kisichozidi ukucha, kisha ukaizuia isikauke tena. Ikamiminika ikaisha. Mtu alisimama kitini bila jeraha, akiwa hajui kama kuna kitu amekosa.

Bi Somoe alipewa ukindu uliolowekwa na kupakwa rangi. Hakuhitaji kumaliza ukili mzima. Shubiri moja ya kila mmoja ilitosha. Alisuka huku akisema, si kwa Asumini hasa, bali kama mwenyeji anayetambulisha wageni.

"Huyu Mzee Mbonde. Alikuwa na kigugumizi, ndiyo maana mstari mwekundu unakatika halafu unaendelea. Alikuwa akifika tu mwisho wa neno, anacheka. Huyu Binti Ungando, mpenda mapambo, nimemjaza rangi mpaka basi. Hawa wawili ni mapacha, angalia, nimewapa mchoro mmoja lakini wa Doto umegeuzwa, kwa sababu alitumia mkono wa kushoto."

Siku ya kwanza alifika ukili wa kumi na nane. Asumini alibonyeza pale palipotakiwa kubonyezwa, na kila alipobonyeza, mtu mmoja alitoka. Jioni Bi Somoe aliulizwa habari za Mzee Mbonde, akasema hamfahamu. Alisema kwa adabu, kama anayeomba msamaha.

Jumatano asubuhi alianza wa kumi na tisa. Safari hii hakutambulisha. Vidole vilikwenda polepole, rangi ya majani mabichi na nyeupe, bila nyekundu hata moja, na midomo yake ikawa inatikisika bila sauti.

Kwenye kioo cha mtambo, Asumini aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Kwa kawaida ufundi ulijitokeza kama kijito chembamba chenye kingo. Huu ulikuwa umetapakaa kila mahali. Ulishikamana na harufu, sauti, uzito wa mtoto begani, kikohozi cha usiku fulani, nguo ya shule iliyotiwa kiraka. Hapakuwa na mahali pa kukata. Ukiutoa ukili, kijana mzima angetoka nao, kuanzia kuzaliwa mpaka maji.

Akasimamisha mtambo, akampigia mkuu wake, Dakta Lwitiko. Dakta alikuja, akatazama kioo kwa muda mrefu, mikono mfukoni.

"Umeshikamana," Asumini alisema. "Hautengani. Tuuache huu mmoja, Dakta. Arobaini inatosha."

"Amri inasema mkeka."

"Ni mtoto wake."

"Naona." Dakta Lwitiko akamvuta hadi dirishani ili Bi Somoe asisikie. "Ukiacha ukili mmoja ataanza upya kutoka hapo. Atauliza wengine walikwenda wapi. Miezi sita hivi atarudishwa hapa, na safari hiyo hawatamleta kwako. Watampeleka chumba cha chini kukaushwa. Umeshawaona waliokaushwa?"

Asumini alikuwa amewaona. Walilishwa kwa kijiko.

"Na yule binti anayekunywa chai naye atashuka chini," Dakta aliongeza. "Kwa hiyo chagua. Mimi sikulazimishi."

"Unasema kama ni jambo dogo."

"Nilikuwa mchoraji, Asumini. Hukujua? Nilikaa kwenye kiti hicho kabla hujaajiriwa, kwa hiari yangu, ili niaminiwe. Picha zangu ziko Ikulu. Huwa nazipita ukumbini."

"Unajisikiaje ukiziona?"

"Sijisikii kitu. Ndiyo maana nakwambia hakuumi."

Asumini akarudi kwenye mtambo. Bi Somoe alikuwa bado anasuka. Machozi yalimdondokea kwenye ukindu na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, bibi. Endelea tu."

Akabonyeza.

Vidole vikaendelea kidogo, vikasita, vikasimama. Bi Somoe akatazama kile kipande mikononi mwake, kisha akagusa shavu lake lililolowa na kutazama vidole, kama anayetafuta dari inavuja wapi.

Siku ya tatu kili zilizobaki zilitoka upesi. Mlangoni, karani alimrudishia vitu vyake: kijitabu cha dawa, ushanga, na picha ndogo ya kijana mwenye meno yaliyopishana. Bi Somoe akaigeuza nyuma na mbele, akamrudishia.

"Hii si yangu, mwanangu. Mmechanganya. Kuna mwenzangu ataitafuta."

Tatu, aliyesimama pembeni yake, alifungua mdomo. Akamtazama Asumini. Akaufunga.

3

Wiki mbili baadaye kulikuwa na karamu ya mchana katika bustani ya Ikulu, na Asumini aliitwa kuwavisha wageni kofia. Ulikuwa mchezo wa fahari wa Mlezi. Mgeni alivaa kofia nyepesi, akawekewa kigae, na kwa muda wa nusu saa alipiga zeze au kuchonga mpingo kama fundi wa miaka arobaini. Kigae kikitolewa, ufundi nao ulitoka. Watu walicheka sana. Mlezi mwenyewe hakuwahi kuvaa. Alikaa kwenye kiti chake akitazama wanaocheza na mali yake.

Mkeka wa kwanza wa Bi Somoe ulitandikwa chini ya meza ya vinywaji. Asumini aliutambua kwa kigugumizi cha Mzee Mbonde.

Mke wa balozi mmoja, mwanamke mnene mwenye uso wa furaha, aliomba kusuka. Msaidizi wa Mlezi alichukua kigae bila kusoma namba. Asumini aliisoma, akataka kusema, lakini Mlezi alikuwa akitazama upande huo. Akamvisha.

Yule mwanamke alisuka vizuri sana, majani mabichi na nyeupe. Wageni wakasogea. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na sauti ikamtoka ambayo haikufanana na umbo lake wala lugha yake. Aliita jina. Aliliita mara tatu, akipapasa nyasi mbele yake kama mtu anayetafuta kitu chini ya maji.

Wageni walitazamana. Halafu mtu mmoja akapiga makofi, na wote wakapiga.

Asumini alimvua kofia. Mwanamke akafuta macho, akacheka kwa haya, akauliza kama chakula kimekwisha kupakuliwa.

"Kile cha kumi na tisa kinasumbua wageni," msaidizi wa Mlezi alimwambia Dakta Lwitiko wakati wa kufungasha. "Na lile jina lisisikike tena hapa. Jumatatu kisagwe."

Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Jumamosi ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Mlezi. Wafanyakazi wote walikwenda uwanjani kupeperusha vibendera. Asumini alisema anaumwa tumbo. Saa sita mchana aliingia Ghala kwa ufunguo wake, akafunga mlango kwa ndani, akakaa kwenye kiti cheupe ambacho hakuwahi kukikalia.

Kigae kilichotumiwa kwa nusu saa kiliondoka bila kuacha alama. Lakini mtu akilala na kofia kwa saa sita, kilichomo hupandikizwa na hakitoki tena. Wafanyakazi walikatazwa jambo hilo kwa adhabu ya kukaushwa. Asumini aliweka vigae vyote arobaini na kimoja kwenye sahani ya mtambo. Alipofika cha kumi na tisa alikiri moyoni kwamba anaogopa. Hakujua kama anakwenda kuokoa kitu au anakwenda kuiba mara ya pili kwa mwanamke yuleyule. Nje, mbali, uwanja ulipiga kelele za shangwe. Akavaa kofia, akameza dawa ya usingizi, akalala.

Aliamka jua linatua, anaomboleza. Alikuwa na mtoto, na mtoto alikuwa amekufa. Hakuwahi kumwona, hakuwahi kuzaa, na alijua jinsi ukosi wa shati lake ulivyonuka akitoka mtoni. Alitambaa hadi ukutani, akaukumbatia ukuta.

Jumatatu Dakta Lwitiko alisaga kigae cha kumi na tisa kwa nyundo ndogo, mbele ya mashahidi wawili, na Asumini akatia sahihi.

4

Sheria ilisema mchoro uliohifadhiwa ni mali ya taifa, na anayeusuka ni mwizi. Asumini alisuka miezi minne. Alikata makuti ya minazi myembamba ya mapambo iliyopandwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi, kwa kuwa ukindu wenyewe haukupatikana mjini. Alisuka mchana wa Jumapili na jioni baada ya kazi, mlango umefungwa, redio imewashwa. Kichwa chake kilijua kila kitu lakini vidole vyake vilikuwa laini, vya mtu wa kubonyeza, vikapasuka na kutoa damu mpaka vikaota sugu. Alipomaliza kila ukili aliuviringisha na kuuficha chini ya godoro. Ule wa kumi na tisa aliusuka mwisho kabisa, kisha akazishona zote ziwe mkeka.

Katika miezi hiyo alifikiri neno moja tu: kurudisha. Alijua mtambo hauwezi; mahali palipokamuliwa hubaki kama kovu na hapapokei kigae tena. Lakini mtu anaweza kuambiwa. Anaweza kuonyeshwa mkeka, akashikishwa ukili, akaambiwa: huyu ni Chande, wewe ndiwe mama yake. Asumini aliona ndiyo haki. Ahadi aliitoa yeye.

Akaomba likizo ya siku tatu, akapata kibali cha safari, akapanda lori la saruji hadi Makazi Namba Nne, walikohamishiwa watu waliobaki wa Kibuyuni. Mkeka alikuwa ameukunja ndani ya shuka, na juu yake ameweka gunia la unga.

Tatu ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa anafua uani. Alisimama, povu linamtiririka mikononi.

"Umekuja kuchukua nini tena?"

"Sijaja kuchukua. Nimeleta."

Alifunua shuka kidogo. Tatu aliona rangi, akaangalia huku na huku, akamsukuma Asumini nyuma ya choo ambako jirani asingewaona.

"Una wazimu wewe? Unataka tufe?"

"Nataka ajue. Ni haki yake, Tatu. Mtoto wake—"

"Usinifundishe habari za Chande. Chande ni binamu yangu, nimekua naye." Tatu alikuwa akinong'ona lakini mishipa ya shingo ilimsimama. "Sikiliza, dada. Miaka saba shangazi hakulala. Kila mvua ikinyesha alitoka nje, akaenda kusimama kwenye maji hadi kiunoni, mimi namvuta. Miaka saba. Tangu mmemrudisha analala kama mtoto mchanga. Anakula. Anaimba, na hajawahi kuimba maisha yake. Nilikuchukia, nikakulaani, kisha asubuhi moja nikamsikia anacheka na jirani. Nikaingia ndani nikalia, kwa sababu nilifurahi. Unaelewa mlichonifanya? Mmenifanya nifurahi."

Asumini akaurudishia mkeka shuka.

"Ukimwambia," Tatu aliendelea, "itakuwa amekufa leo. Kwake si miaka saba, ni leo. Na hata akilia hatakuwa na sura ya kulilia. Umeleta kilio bila mtoto."

"Mimi ninayo sura."

Tatu alimtazama. Polepole alielewa, na hasira ikamtoka usoni, ikabaki hofu.

"Unaye wewe?"

"Wote ninao. Mzee Mbonde, mapacha, wote. Sina wa kumwambia."

"Basi usiniambie na mimi," Tatu alisema. "Anayejua anakamuliwa. Nina watoto watatu."

Sauti ikaita kutoka mbele ya nyumba: "Tatu! Una mgeni hunikaribishii?"

5

Bi Somoe alikuwa ameongezeka mwili. Alimkaribisha Asumini kivulini, akamletea maji kwenye kikombe cha bati, akamuuliza habari za huko atokako bila kumkumbuka. Alipouona mzigo akaomba auone, na kabla Tatu hajamzuia, mkeka ulikuwa umetandazwa uani.

Alizunguka akiutazama. Aliinama, akaupapasa kwa kiganja. Kiganja kilipita juu ya mapacha, juu ya kigugumizi, kikafika kwenye majani mabichi na nyeupe, kikapita.

"Mkeka mzuri," Bi Somoe alisema. "Aliyeusuka ana subira. Ila rangi zimemshinda. Angalia huu mmoja umepooza, hauendani na wenzake. Umeununua wapi?"

"Nimepewa, bibi."

"Basi ufunike, vumbi litauharibu."

Tatu aliukunja haraka akaupeleka ndani. Kwa muda wakasikia mlango wa jiko ukifungwa, na baadaye moshi ukaanza kupenya kwenye makuti ya paa, moshi mweupe, mzito, wa majani makavu yenye rangi. Bi Somoe hakuugeukia. Alikuwa amesogeza kigoda karibu na Asumini.

"Mwanangu, wewe umetoka mjini, umesoma. Nikuulize jambo ambalo nikimuuliza Tatu anageuza maneno." Akafungua kanga yake kidogo upande, kwa staha, akionyesha tumbo chini ya kitovu. Kovu refu la zamani lilikuwa pale, limenyooka. "Hili la nini? Mimi sijajaaliwa kuzaa, na sikumbuki kupasuliwa. Tatu anasema lilikuwa uvimbe. Uvimbe gani mtu asiukumbuke? Nikiwa peke yangu huwa naliwekea mkono hivi. Sijui kwa nini. Naona kama kuna mtu alipita hapa."

Asumini alilijua kovu lile. Aliijua taa ya chumba cha upasuaji yenye balbu moja iliyokufa, baridi ya dawa, na muuguzi aliyesema, "Mama Chande, hongera, mtundu huyu, ametoka anapiga mateke." Tumbo lake mwenyewe, lisilo na alama, lilikaza. Maneno yote yalikuwa mdomoni. Mama alikuwa ameuliza mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha, alikuwa anaomba kilicho chake.

Tatu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, macho mekundu kwa moshi. Alitikisa kichwa mara moja tu.

Asumini aliutazama uso wa Bi Somoe, ule uso ulionenepa, uliolala vizuri, uliokuwa ukimngoja kwa imani. Alihesabu kinachofuata: kilio ambacho majirani watakisikia, gari la Ghala, chumba cha chini, kijiko. Akajua kwamba sababu zote hizo ni za kweli, na kwamba zote ndizo zilezile alizopewa dirishani na Dakta Lwitiko.

"Ni uvimbe, bibi," alisema. "Wanawake wengi huwa nao. Dawa ya usingizi zamani ilikuwa kali, ilisahaulisha watu."

"Kweli?"

"Kweli."

Bi Somoe alishusha pumzi, akafunga kanga. "Afadhali umeniambia wewe. Nilikuwa naumia bure." Akamshika Asumini mkono, akashangaa sugu za vidole vyake. "Lo, binti wa mjini una mikono ya kazi! Kaa, tule. Tatu amepika kambale."

Walikula pamoja. Bi Somoe alisimulia kisa cha kuku wa jirani, akaigiza sauti zake, akacheka mpaka akapaliwa. Asumini naye alicheka pale ilipobidi. Samaki alikuwa na harufu ya moshi.

Mchana ule ule alitembea hadi kizuizi cha barabarani kungoja lori la kurudi. Askari wa zamu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, amekaa chini ya turubai na daftari la wasafiri. Aliuliza maswali kwa mpangilio, bila kuinua kichwa. Jina. Kazi. Alikotoka. Ndoa.

"Watoto?"

Asumini alitaka kusema hana. "Mmoja," alisema. "Alifariki."

"Pole. Jina?"

"Chande."

Askari akaandika. "Alifariki kwa nini?"

"Maji. Kibuyuni."

Kalamu ikasimama. Askari akainua kichwa, akamtazama kwa mara ya kwanza, akatazama barabara kushoto na kulia, na simu ya upepo iliyokuwa mezani. Hapakuwa na mtu mwingine pale.

"Kibuyuni hakuna mtu aliyekufa maji, mama," alisema taratibu, kama anayembembeleza.

Asumini alitazama jina lililoandikwa.

Askari aliinamia daftari tena. Akakata jina kwa mistari miwili, akakata na kijiji, na kwenye safu ya sababu akaandika: homa. Akaupuliza wino ukauke. Kisha akanyanyuka mwenyewe, akainua mti wa kizuizi, akamshikia mpaka apite.